Umeme wa Jua Nyumbani: Hesabu Kwanza, Nunua Baadaye

Usiku ule wa mwezi wa nne, mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku ya tatu mfululizo. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na homa kali. Tuliamka kumpa dawa, tukabonyeza swichi, taa haikuwaka. Tukaitafuta simu ili itumulikie kijiko, nayo ilikuwa imezimika tangu jioni. Paneli ya sola ilikuwa juu ya paa, betri ilikuwa kwenye kona ya sebule, na nyumba nzima ilikuwa giza totoro. Dawa ile tuliipima kwa mwanga wa njiti za kiberiti, mmoja wetu akiwasha na mwingine akimimina.

Sisi tunaishi upande wa Kua, katika kisiwa cha Juani, wilaya ya Mafia. Wageni huja hapa kutazama magofu ya mji wa kale, misikiti na nyumba za mawe zilizoachwa mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya Wasakalava kutoka Madagaska kuuvamia mji. Wakiisha kutazama, hupanda mashua na kurudi. Sisi tunabaki. Nyumba yetu haina waya wa umeme. Mtu akiugua usiku na kuhitaji hospitali ya Kilindoni, lazima avushwe kwa chombo hadi Utende, kisha atafute gari au pikipiki. Mwenye chombo huitwa kwa simu. Simu ikiwa imezimika, mgonjwa wako amefungiwa kisiwani mpaka kuche.

Asubuhi homa ilishuka, tukamshukuru Mungu. Lakini tuliulizana: tuliingizaje fedha nyingi katika umeme ambao siku ya shida haukuwepo? Akina mama wenzetu, tunawaandikia jibu tulilolipata, kwa sababu tumeona nyumba nyingi, za visiwani na za bara, zikianguka shimo lile lile.

KOSA LETU LILIKUWA WAPI?

Tulinunua kwanza, tukahesabu baadaye. Fedha za upatu zilipotufikia, mmoja wetu alitaka taa, mwingine alitaka televisheni. Hatukukaa chini kuzungumza. Tulinunua paneli ya wati 50 na betri ya gari iliyokwisha kutumika, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Tukaongeza inveta, yaani kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa mjini, ili televisheni iwake. Kontrola ya chaji hatukununua kabisa. Muuzaji alituambia si lazima, nasi tukafurahi kuokoa fedha.

Miezi ya kaskazi jua lilikuwa kali na mambo yalikwenda. Watoto wa majirani walijaa sebuleni kila jioni. Masika yalipoanza, taa zilififia saa tatu usiku, kisha saa mbili, kisha zikagoma. Katika mwezi wa tisa betri ilikufa kabisa. Fedha zile zingetosha sare na madaftari ya watoto wote, na akiba ikabaki.

Bibi mmoja jirani yetu alitusikiliza tukilalamika, akacheka kidogo, akasema, "Wanangu, ninyi mnatia maji mtungini kwa kikombe, halafu mnayachota kwa ndoo." Hakuwa amesoma habari za umeme, lakini alilijua jambo lenyewe.

UMEME WA JUA NI KAMA MAJI YA MVUA

Mama yeyote aliyewahi kukinga maji ya mvua anaweza kuuelewa umeme wa jua. Paneli ni paa na mfereji: hukusanya. Betri ni tangi: huhifadhi. Kontrola ya chaji ni koki: huzuia tangi lisifurike mchana, na hufunga usiku kabla halijakauka. Taa, simu na redio ni ndoo za kuchotea.

Paa dogo halijazi tangi kubwa. Tangi dogo halikufikishi mwisho wa kiangazi. Na ukiwa na ndoo nyingi kuliko maji, hakuna tangi litakalokutosha.

Maji hupimwa kwa lita. Umeme huu hupimwa kwa wati-saa, na hesabu yake haimshindi mama anayejua kupigia hesabu unga na sukari. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa utakazokitumia. Taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa 4 imekula wati-saa 20. Basi.

Huko Marekani na Ulaya wako watu wanaosafiri na kulala ndani ya magari makubwa yaliyotengenezwa kama nyumba, yenye jiko na vitanda. Nao huweka paneli juu ya paa la gari na betri chini ya kiti, na hesabu yao ndiyo hii hii. Gari lililoegeshwa msituni na nyumba iliyo kisiwani ni ndugu: zote mbili hazina waya wa kuziokoa. Ulichokusanya mchana ndicho utakachokula usiku.

KAENI CHINI WAWILI

Baada ya betri kufa, tulikaa mezani na kalamu na daftari la mtoto. Kwanza tuliulizana swali moja: ni kitu gani kisipowaka usiku, tutaumia? Tukakubaliana ni taa na simu. Vingine vyote ni vizuri, lakini havitaumiza mtu. Tulipoyapanga hivyo, ugomvi wa televisheni uliisha wenyewe, maana haikukataliwa, ila iliwekwa mwisho wa orodha.

Orodha yetu ilikuwa hivi kwa siku moja:

Taa ya sebuleni wanaposomea watoto, wati 5 kwa saa 4: wati-saa 20.
Taa ya jikoni, wati 5 kwa saa 3: wati-saa 15.
Taa mbili za vyumbani, wati 5 kila moja kwa saa 1: wati-saa 10.
Taa ndogo ya nje, wati 3 kwa saa 10: wati-saa 30.
Simu mbili: wati-saa 30.
Redio, wati 5 kwa saa 4: wati-saa 20.

Jumla ni wati-saa 125. Televisheni ndogo inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, bila inveta, yenye wati 25, ikiwashwa saa 3 huongeza 75. Jumla kuu ni 200.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu la zamani. Paneli yetu ya wati 50, kwa siku yenye saa 4 za jua zuri, ilitoa wati-saa 200 kwenye karatasi. Lakini theluthi moja hivi hupotea njiani: kwa joto la paneli, kwenye nyaya na ndani ya betri. Tulikuwa tukipata kama 135, na kwa televisheni ile kubwa na inveta yake tulikuwa tukitumia zaidi ya 300. Kila usiku tulikomba tangi mpaka matope.

Pasi, jagi la kuchemshia maji na jiko la umeme visikutamanishe. Kitu chochote kinachotoa joto kinakula umeme mno. Pasi ya wati 1000 ikitumika nusu saa imekula wati-saa 500, yaani umeme wetu wa siku mbili na nusu. Pasi ya mkaa isitupwe.

KUPIMA BETRI

Usiipime betri kwa siku ya jua. Ipime kwa siku ya mvua. Sisi tulitaka betri itufikishe siku mbili bila jua, kwa hiyo 200 mara 2 ni wati-saa 400.

Sasa sikiliza, mama, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Betri za risasi na asidi, hata zile za jeli zisizoongezwa maji, hazitaki kutumiwa zaidi ya nusu. Ukizikausha mara kwa mara hufa mapema. Hivyo ukihitaji 400, nunua ya 800. Gawanya kwa volti 12, utapata karibu ampea 67. Dukani chukua inayofuata kwa ukubwa. Sisi tulichukua ya ampea 75.

Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa mpaka kiasi cha asilimia 80 na hudumu miaka mingi zaidi, lakini bei yake ya kuanzia ni kubwa. Kwa hesabu yetu ya lithiamu ingetosha ya ampea 40. Mwenye uwezo aifikirie, ila ahakikishe kontrola yake inafaa kwa betri za aina hiyo.

Betri ya gari isikudanganye kwa bei. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Kazi ya kutoa kidogo kidogo usiku kucha huiua.

KUPIMA PANELI

Kwa matumizi ya wati-saa 200 na saa 4 za jua zuri, ukiondoa kile kinachopotea, unahitaji paneli ya wati 75 hivi. Sisi tulinunua ya wati 100, kwa sababu baada ya siku za mvua paneli lazima ilishe nyumba na pia ijaze betri iliyopungua.

Chunguza kabla ya kulipa. Zipo paneli zilizobandikwa karatasi ya wati 100 ilhali ni nusu ya hapo. Paneli ya kweli ya wati 100 haina ukubwa wa sinia. Linganisha mbili tatu za duka tofauti, mwombe fundi aipime juani kwa mita, na dai risiti yenye jina la duka na muda wa dhamana.

Mafia iko kusini ya Ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini, kwa mwinamo mdogo ili mvua iweze kuiosha. Iachie nafasi ya hewa chini yake, maana paneli ikipata joto sana hupunguza kazi. Tena itazame saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kivuli cha kuti moja la mnazi kikiangukia kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kuliko unavyodhani.

TULIVYOLIPA

Bei hubadilika na kila duka lina yake, kwa hiyo zetu ziwe mfano tu:

Paneli ya wati 100: shilingi 150,000.
Betri ya jeli, ampea 75: shilingi 280,000.
Kontrola ya ampea 10: shilingi 35,000.
Taa tano za volti 12: shilingi 20,000.
Nyaya, swichi na fyuzi: shilingi 60,000.
Nauli ya mzigo na fundi: shilingi 55,000.

Jumla ni shilingi 600,000. Televisheni haimo. Ilikuja mwaka uliofuata, na mahali pake katika hesabu palikuwa pameachwa wazi.

Mstari wa nauli na fundi usiusahau, hasa ukiwa kisiwani. Mzigo wetu ulipanda kivuko Nyamisati, ukashuka Kilindoni, ukaja Utende kwa gari na kuvuka kwa mashua. Betri isafiri ikiwa imesimama wima, vichwa vyake vimefunikwa ili chuma kisiviguse, na isilowe maji ya chumvi.

Fyuzi nayo isiachwe. Ni kitu cha fedha kidogo kinachokaa karibu na betri, na nyaya zikigusana hukatika chenyewe kabla nyumba haijashika moto. Kwa nyumba ya makuti fyuzi ni mlinzi.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Tulifungua daftari tukaandika tulichokuwa tukitumia zamani. Mafuta ya taa na betri za tochi, shilingi 15,000 kwa mwezi. Kuchajisha simu mbili dukani, shilingi 500 kila mara, shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumla 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Kumbe vifaa vile vya 600,000 ni sawa na giza la miaka miwili!

Hatukuzipata zote mara moja. Tulianza na taa ndogo ya sola ya kubebeka, yenye paneli yake na tundu la kuchajia simu, ili watoto wasome na simu isizimike. Wakati huo tukaweka akiba katika kikoba. Mama asidharau hatua hii. Nyumba nyingine taa mbili za namna hiyo zinazitosha kabisa.

Zipo pia kampuni zinazokopesha vifaa na kulipwa kidogo kidogo kwa simu, utaratibu ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 2010. Unasaidia wengi. Ila usiangalie malipo ya siku tu. Tuseme unaanza na shilingi 30,000, kisha 900 kila siku kwa miaka miwili. Siku 730 mara 900 ni 657,000, na ukijumlisha za mwanzo ni 687,000. Sasa uliza: kwa fedha hizo napata wati ngapi na betri ya ampea ngapi? Nikikosa kulipa wiki moja, taa zitafungwa? Nikimaliza, vifaa ni vyangu? Mvuvi na mkulima hawapati fedha kila siku, na mkataba uliopangwa kwa mwenye mshahara unaweza kuwazimia taa msimu wa upepo mbaya.

KOPO LA BETRI

Hapa ndipo tulipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Watu husema jua ni la bure. Jua ni la bure kweli, lakini betri si ya bure. Kila usiku inazeeka kidogo. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Betri kama yetu, ikitunzwa, tunaitegemea miaka mitatu au minne. Asiyejiandaa hurudi kwenye koroboi huku paneli nzima ikiwa juu ya paa. Katika matembezi yetu tumeziona nyumba za namna hiyo.

Kwa hiyo tuna kopo. Betri ya 280,000 tukiigawa kwa miezi 36 ni karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Tulizoea kutoa 25,000 kwa mafuta, tochi na kuchajisha simu, basi 8,000 kwa kopo si mzigo. Fedha hizo hazikopwi kwa harusi, wala haziguswi kwa sikukuu. Hata Yesu alipozungumza habari za mtu anayetaka kujenga mnara, alimtaja akiketi kwanza na kuhesabu gharama. Betri ya pili ni sehemu ya gharama ya mnara.

UTUNZAJI NI KAZI YA NYUMBANI

Futa paneli kwa kitambaa laini chenye maji baridi asubuhi, kabla haijapata joto. Sisi wa pwani tuna vumbi la chumvi, basi tunafuta kila wiki. Vichwa vya betri vipakwe grisi ili visile kutu. Betri ya kuongezwa maji ipewe maji ya betri ya dukani tu, kamwe si ya kisima.

Betri ikae mahali penye hewa, si chini ya kitanda, na koroboi au sigara isiisogelee, maana ikichajiwa inaweza kutoa hewa inayowaka. Watoto wasifikie. Asidi ikimwagikia ngozi, osha kwa maji mengi mara moja. Betri iliyokufa isivunjwe uani wala isichezewe, kwa sababu risasi iliyomo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Irudishe kwa wanunuzi wa betri mbovu, nao watakupa chochote.

Wenye nyumba karibu na fukwe za mashariki ya Juani, ambako kasa hutaga, taa ya nje ielekezwe chini na isitazame bahari. Vifaranga wa kasa hufuata mwanga, na taa yako inaweza kuwapoteza njia.

Wala mama asiseme kazi hii ni ya wanaume. Kule Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini wamefunzwa katika chuo cha Barefoot kufunga na kutengeneza vifaa vya sola, wakiwemo wasiosoma sana. Nyumbani kwetu mama ndiye anayesoma kontrola kila alfajiri. Ikionyesha volti 12.2 kabla jua halijachomoza, anajua nusu imekwisha, na jioni hiyo televisheni inapumzika bila maneno.

MASIKA YALIYOFUATA

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha tena siku nyingi, na siku ya pili tulizima redio na televisheni kama tulivyokubaliana. Usiku mlango ukabishwa. Alikuwa mkwe wa yule bibi jirani yetu, bibi amebanwa na kifua, na simu ya kwao imezimika. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Ndiyo iliyomwongoza mpaka mlangoni. Simu yetu ilikuwa na chaji. Tukampigia mwenye mashua, akaja, na bibi akafika hospitali kabla ya alfajiri.

Amerudi na yuko mzima. Alipokuja kutushukuru alisimama akaitazama ile betri kwenye kona yake, akauliza, "Na mtungi wenu sasa, wanangu, mnauchotaje?"

Tukamwonyesha daftari.